Seva yetu ya Kitengela na jina lililoandikwa kwenye skrini: networking kwa wanaoanza

Hamjambo wakuu, na poleni na majukumu.

Kuna mtu ameuliza kule jukwaa la kompyuta tofauti ya IP address na hostname. Ameshushiwa matusi, ameambiwa atafute mwenyewe, uzi ukafungwa.

Nitamjibu hapa. Lakini nitajibu kwa njia yangu, kwa sababu hayo maneno mawili siwezi kuyaeleza bila kuhuzunika. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu na sijaongeza chumvi. Anayetafuta kichekesho apite tu, huku leo hakuna.

Twende.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, ile ya katikati. Kitengela ilikuwa inajengwa kila upande, lori za mawe zinapita kutwa nzima, na vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Mimi kwetu ni Vihiga, lakini nimekulia hapa kwa sababu baba alikuwa na kazi ya kiwandani Athi River.

Nilikuwa na rafiki tuliyesoma naye kozi ya kompyuta Nairobi. Yeye alikuwa Mmaasai wa Oltepesi, kule barabara ya Magadi. Tulifungua cyber pamoja, duka la watu kulipia intaneti, kwa hiyo nitamwita partner.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa Industrial Area, kwa hivyo cyber nilikuwa nafika jioni na wikendi. Mchana alikaa partner na mke wake, Mama Naserian. Mama Naserian alifanya photocopy na typing. Binti yao Naserian alikuwa shule ya msingi hapo hapo Kitengela, mtoto wa kushika namba za juu.

Sasa tuingie darasani kidogo.

Tulikuwa na kompyuta sita. Tano za wateja, na moja kubwa pale kaunta. Hizo tano tunaziita client, maana yake ni zile zinazoomba kazi ifanywe. Ile ya kaunta ndiyo seva, inayoombwa. Zote sita ziliunganishwa kwa kebo hadi kwenye kisanduku chenye taa ndogo za kijani. Hicho kisanduku ni swichi. Kazi yake ni kupokea ujumbe kwenye tundu moja na kuutoa kwenye tundu la yule anayehusika, basi.

Hizo sita na swichi yake, ndani ya chumba kimoja, ndiyo LAN. Watu wengi wanachanganya LAN na intaneti. Intaneti ikikatika, LAN yako bado ipo, kompyuta zinaendelea kusemezana na printa inaendelea kuchapa. Mteja ndiye anayepiga kelele kwamba hakuna network.

Intaneti yetu iliingia kupitia dishi juu ya mabati, ikashukia kwenye seva, na seva ndiyo iliyowagawia wengine. Kwa hiyo seva yetu ilikuwa pia gateway. Gateway ni mlango tu. Ujumbe wowote unaotoka nje ya LAN lazima upitie hapo.

IP address ni namba ya kompyuta ndani ya mtandao. Seva yetu ilikuwa 192.168.0.1. Client zilipewa namba na seva yenyewe kila zinapowashwa, na huko kugawa namba ndiko kunaitwa DHCP. Seva haikubadilisha namba yake kamwe, kwa sababu ukihamisha mlango kila asubuhi watu watajigonga ukutani.

Hostname ni jina. Kompyuta zenyewe hazina haja na majina, zinaelewana kwa namba. Jina ni la kutusaidia sisi binadamu, kwa sababu namba tunasahau. Ukitumia jina, kompyuta lazima kwanza iulize, hili jina ni la namba gani? Intaneti nzima ina utaratibu wake wa kuuliza hivyo, unaitwa DNS. Kwenye kichumba chetu kompyuta ziliulizana zenyewe kwa zenyewe.

Shikeni hapo.

Partner alikuwa mtu wa mzaha. Siku tunaziwasha mara ya kwanza, client tano akazipa majina ya mahali anapopajua yeye: Kimuka, Isinya, Namanga, Magadi, Oltepesi. Mteja akija anaambiwa nenda ukae Magadi, anacheka.

Seva akaipa jina lake mwenyewe. Jina lake la nyumbani, kwa herufi kubwa.

"Kila boma iko na mwenyewe," akaniambia.

Ile programu ya kuhesabu muda wa wateja ilikaa kwenye seva. Client ikiwaka, kitu cha kwanza ni kuitafuta seva kwa jina. Ikiipata, skrini inafunguka. Isipoipata, skrini inabaki imefungwa, na katikati inaandika kwa nyekundu kwamba seva ya jina hilo haipatikani. Partner ndiye aliyeandika jina kwenye client zote. Angeweza kuandika namba, ni kitu kimoja. Aliandika jina kwa sababu lilimpendeza.

Tulifanya kazi vizuri. Sitawachosha na hiyo sehemu.

Partner akaugua kifua. Sisi sote tulidhani ni vumbi, kwa sababu Kitengela nzima ilikuwa inakohoa. Akapelekwa Kajiado, akalazwa, na hakutoka. Tulimzika Oltepesi, kwao, mvua ikinyesha kidogo, ile ya kulowesha bila kusaidia nyasi.

Niseme ukweli, mimi nilikuwa na mke na ndugu zangu, lakini mtu wa kuongea naye vitu vyangu alikuwa yule. Mpaka leo sijapata mwingine.

Baada ya mazishi ukoo ukakaa. Kaka yake mkubwa alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, mrefu, wa maneno machache. Ndiye aliyemlea partner baada ya baba yao kufariki. Kulikuwa pia na mdogo wao, mwalimu wa shule moja upande wa Kajiado.

Desturi ilikuwa wazi. Mjane na mtoto warudi nyumbani Oltepesi, wakae chini ya kaka. Vitu vya cyber viuzwe. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Kwao hiyo ndiyo njia ya kumtunza mtu.

Mama Naserian akaomba abaki Kitengela. Mtoto alikuwa anaingia darasa la saba, na hiyo cyber aliijua. Yule mzee akafikiri sana, halafu akasema sawa. Afanye kazi mpaka shule zifungwe. Wao watakuja kuona kwa macho yao. Kama anaweza kuiendesha peke yake, bila kumtegemea mwanamume wa watu, abaki na mtoto aendelee na shule. Kama hawezi, watawachukua.

Mwanamume wa watu ni mimi. Na nilimwelewa.

Basi nikaanza kumfundisha, Jumamosi mchana na Jumapili baada ya kanisa. Wakuu, nimefundisha watu wengi tangu hapo, wenye digrii zao. Sijaona anayeshika haraka kama yule mama. Nilimweleza MAC address, ile namba inayotoka kiwandani na kadi ya mtandao. Tofauti yake na IP ni kwamba IP inaweza kubadilika, MAC kadi huzaliwa nayo. Akasema, "Hiyo ni kama alama ya sikio ya ng'ombe. Hata ikiuzwa, alama inaenda nayo." Nikaacha kueleza, nikaendelea na somo lingine.

Alijifunza kubana kebo na zile plagi zake, rangi nane kwa mpangilio. Alijifunza kuangalia taa za swichi na kujua ni tundu gani limekufa. Alijifunza ping.

Kwa anayeanza, ping ni kuita. Unaiambia kompyuta yako iite namba fulani. Kama ile nyingine iko hai na njia ni nzima, inajibu. Kama haijibu, kuna shida njiani au yenyewe imezimwa. Ndiyo dawa ya kwanza ya kila fundi wa network, na mpaka leo naanzia hapo.

Tatizo lilikuwa moja tu. Seva.

Nikimuuliza kuhusu client anajibu kama anasoma. Isinya iko hivi, Namanga iko vile. Tukifika kwenye seva, anainua kidevu kuelekea kaunta na kusema "hiyo". Nikimwambia, fungua settings hapa, andika jina la seva, mikono inashuka kwenye magoti. Anasema ameweka sufuria kwenye jiko. Anasema mtoto anamwita.

Nilianza kukasirika. Shule zilikuwa karibu kufungwa na mimi naona mtu anakwama kwenye kitu rahisi kuliko vyote.

Jumatano moja jioni uvumilivu ukaniisha.

"Shemeji," nikamwambia, "hii ni kitu mdogo sana. Seva ni gani? Itaje jina, uiandike. Kwani iko ngumu wapi?"

Akaifunika mashine ya photocopy kwa kile kitambaa chake cha maua, taratibu, akinyoosha pembe.

"Najua hiyo seva," akasema. "Niko na kila kitu yake kwa kichwa. Lakini hiyo jina, shemeji, siwezi. Kwetu mtu akishaenda, hatumtaji. Mke wake ndiyo kabisa. Hata Naserian nimemkataza."

Nilikaa chini.

Nimeishi na Wamaasai tangu utoto, nimekula kwao, na hilo nilikuwa nalisikia juu juu tu. Wako wengi siku hizi wasiojali. Familia hiyo ilikuwa inashika. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba tangu mazishi sikuwahi kumsikia mtu wao yeyote akilitamka. Hata pale kaburini mchungaji alisema "ndugu yetu".

Yule mama kila asubuhi alikuwa anawasha kompyuta ambayo kitu cha kwanza inaonyesha ni jina la mume wake. Alikuwa amebandika kipande cha plasta ya hospitali kwenye kona ya skrini ya kaunta, pale jina linapotokea. Mimi nilidhani kioo kimechubuka.

Nikamwambia jina la kompyuta linabadilishwa, si kitu. Lakini tukibadilisha kwenye seva lazima tuzipitie client zote, maana bado zitaitafuta kwa jina la zamani. Lazima tufunge kwanza, na katikati ya wiki wateja walikuwa wengi, watu wa kuomba kazi na makarani wa machimbo. Tukakubaliana Jumapili, tukitoka kanisani.

"Na kabla ya hapo kukiwa na shida," nikamwambia, "tumia namba. Pale inapotaka jina, weka 192.168.0.1. Ni kitu kimoja."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Namba naweza," akasema.

Wale ndugu wakaja Jumamosi.

Hawakupiga simu. Walikuwa wamekuja mnadani Kiserian, wakaona siku haijaisha, wakaunganisha mpaka Kitengela. Mzee aliingia na fimbo yake na kofia, mwalimu nyuma yake. Mimi nilikuwepo, nimetoka kazini saa sita. Client zote zilikuwa na watu. Mama Naserian yuko kaunta, anatoa chenji, anaprinti, anamwelekeza mteja wa Kimuka namna ya kuattach faili kwenye email. Mzee akapewa kiti karibu na mlango, akaletewa chai. Alikuwa anaangalia tu, na uso wake ulikuwa umelegea. Nilijua ameridhika.

Stima ikapotea.

Kwa wakazi wa Kitengela wa wakati ule hiyo si habari. Ikarudi baada ya muda mfupi. Kompyuta zikaanza kuwaka, moja moja, na zile feni zao.

Seva ikawaka. Lakini ilikuwa imezimika vibaya, na ule utaratibu wake wa kujibu inapoulizwa jina haukuamka. Kompyuta ilikuwa nzima, kebo nzima, swichi taa zote kijani. Jina tu ndilo lililokuwa halijibiwi.

Basi skrini zote tano zikajifunga, na kwenye kila moja likatokea lile jina. Herufi kubwa, nyekundu, upana wa skrini. Fulani haipatikani. Na kwa kuwa ile programu ilikuwa inajaribu tena na tena, maandishi yalizimika na kurudi, yakazimika na kurudi.

Mwalimu ndiye aliyesoma. Midomo yake ilianza kulitamka, akajizuia katikati.

Mzee hakujua kusoma Kiingereza. Lakini jina ni jina, na yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka marehemu shule siku ya kwanza, akaliona likiandikwa. Akasimama.

"Imeandika nini?" akauliza.

Wateja walianza kuangalia mlango.

"Nimeuliza, imeandika nini hapo kando ya hiyo jina?"

Mwalimu akamjibu kwa Kimaasai, chini chini, na mzee akakaa tena kama mtu aliyesukumwa.

Mama Naserian alikuwa ameshaondoka kaunta. Mimi nikainuka kumsaidia, akanipungia mkono nikae. Hilo lilikuwa sharti, afanye peke yake. Akaenda kwenye Kimuka, akaweka password yetu ya kaunta, akafungua kile kidirisha cheusi cha amri, akaandika ping na ile namba. Yakaja yale majibu, mstari kwa mstari. Reply from 192.168.0.1. Reply from 192.168.0.1.

"Iko," akasema, kwa sauti ya kazi. "Inajibu."

Akaingia settings, akafuta jina, akaweka namba. Skrini ikafunguka. Akaenda Isinya. Akaenda Namanga. Hakukosea hata mara moja, na hakuyaangalia yale maandishi, alikuwa anaangalia vidole vyake. Wateja wakarudi kwenye viti. Kazi ikaendelea, na yeye akarudi kaunta akifuta jasho na ncha ya leso.

Fundi wa kulipwa asingefanya vizuri zaidi. Nilikuwa nataka kupiga makofi.

Mzee akamwuliza mwalimu, sasa kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie. "Huyu mama amefanya nini?"

"Amei-ping," mwalimu akasema. "Ni kuita. Ameita hiyo mashini ingine, ikajibu."

"Hiyo mashini ndiyo iko na jina yake?"

Mwalimu akaangalia chini. "Ndiyo."

Mzee akaweka kikombe chini na nikaona anatokwa na machozi, mtu mzima, mbele ya wateja.

Nikajaribu. Nikamwambia, "Mzee, jina tunatoa kesho. Ni kazi ya dakika. Hiyo kompyuta hata tukiita Ngong ni sawa tu."

"Kijana yangu," akanijibu, "mimi si mjinga. Najua hii ni chuma. Na kazi ameijua, hata mimi nimeona, hapo siwezi danganya. Lakini hizi zote tano zimemwita ndugu yangu mbele yangu, na hajaitika. Halafu mke wake akaita kwa njia yake, na kitu ikajibu. Kila siku anaita mtu tumezika. Huyu atamwachilia lini?"

Nikakiokota kile kikombe chake, nikakipeleka kaunta.

Mzee akamgeukia Mama Naserian. "Ng'oto Naserian," akamwambia, maana yake Mama Naserian, kwa upole kabisa, "funga vitu. Tutakuja Jumatatu na gari."

Yeye hakubishana. Alisema tu, "Mtoto amalize mtihani wa wiki ijayo." Mzee akakubali kungoja.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha wakuu. Mama Naserian alifaulu ule mtihani aliopewa na mzee na bado akachukuliwa.

Jumapili nilikwenda cyber kama tulivyopanga. Nilibadilisha jina la seva, sijui kwa nini, maana kompyuta zote zilikuwa zinauzwa. Ilinichukua muda mfupi tu. Nilibandua ile plasta kwenye kona ya skrini, nikakaa pale mpaka watu wa ibada ya pili wakatoka kanisani.

Niliwatembelea Oltepesi mara moja. Nilimsalimia Mama Naserian kwa Kimaasai, "Takwenya," akaitikia, "Iko." Tulizungumza habari za mvua na mbuzi. Mzee alinikaribisha vizuri, alinichinjia. Naserian alikuwa anasoma shule ya huko, mbali, kwa miguu, na namba zake zilikuwa zimeshuka. Wakati wa kuondoka Mama Naserian akanisindikiza mpaka barabarani.

"Shemeji," akaniuliza, "si nilikuwa nimejua kazi?"

"Ulikuwa umejua," nikamwambia.

"Basi," akasema, akarudi.

Sasa somo, kwa yule aliyetukanwa kule na wengine wanaoanza. Namba ndiyo anwani, jina ni la binadamu. Kitu kisipopatikana kwa jina, jaribu namba kabla hujakata kebo za watu. Ikijibu kwa namba, mtandao wako ni mzima, jina ndilo lenye shida. Na mkifungua ofisi, kompyuta zipeni majina ya milima, ya matunda, ya chochote. Msizipe majina yenu. Mashine haijui kwamba umekufa, itaendelea kukutafuta na kuwatangazia watu wako kwamba hupatikani.

Maswali ya network ulizeni hapa chini, hata yale mnayoona ni ya kijinga, nitajibu yote bila matusi. Na mwenye kuijua desturi hii vizuri kuliko mimi anisahihishe, nitashukuru.

Ombi moja tu. Najua humu kuna watu wa Kitengela ya zamani waliokuwa wanakuja pale kwetu, na wanalikumbuka jina la partner. Tafadhali msiliandike. Naserian ni memba wa jukwaa hili, na uzi huu anausoma.